Paka wa Mtaa Ana Wenyewe

Umezuka katika mji wetu, katika zama hizi za utalii, ustaarabu wa aina yake: ustaarabu unaompenda sana paka wa kwenye picha na kumchukia paka mwenye pumzi. Mgeni hushuka bandarini, akapita vichochoro vya Malindi na Shangani, akamkuta paka wa rangi ya mchanga amejinyoosha juu ya baraza, ubavuni mwa mlango wa misumari ya shaba, na picha ile huzunguka dunia kabla jua halijatua. Kadi zimechapishwa, fulana zimetiwa rangi, vitabu vimeandikwa. Kule Lamu, Mmarekani Jack Couffer alitoa mwaka 1998 kitabu kizima juu ya paka wa mji ule. Lakini muulize mwenye nyumba ya wageni, aliyeitundika picha kama hiyo ukumbini kwake ndani ya fremu ya mti wa mvule, akupe rai yake juu ya paka aliye hai anayekatiza uani kwake alfajiri. Atakwambia ni uchafu, ni maradhi, ni kero kwa wageni, na kwamba mnyama asiye na mwenyewe hana haki ya kuwapo.

Makala haya yanaipinga kauli hiyo ya mwisho, kwani ndiyo mama wa nyengine zote. Hana mwenyewe. Ni maneno mawili tu, na kwa maneno mawili hayo watu huhalalisha sumu.

Ili tusije tukadhaniwa kuwa tunapigana na kivuli, na tueleze lililotokea. Mtaani kwetu nyumba moja ya wageni, ambayo sina haja ya kuitaja, ilimwaga nyuma ya ua wake dagaa waliochanganywa na sumu ya panya. Halikuwa jambo la siri; mpishi wao mwenyewe alipita milangoni kutuonya tuwafungie kuku. Katika siku nne zilizofuata walikutwa paka sita wamekufa, wawili kati yao kando ya mfereji wa msikitini walikokwenda kutafuta maji, na kunguru mmoja, na kuku wa jirani ambaye onyo lilimfikia kwa kuchelewa. Wazee wa mtaa walipokwenda kuuliza, walijibiwa kwa suali moja, tena kwa upole mkubwa: paka wale walikuwa wa nani?

Hakuna aliyeweza kusema "wangu". Na hapo ndipo penye hila. Suali lile liliulizwa kwa lugha ya hati na risiti, likaulizwa mtaa ambao hufuga kwa lugha nyengine kabisa. Chukua mmoja tu kati ya wale sita, dume la kijivu lenye sikio lililochanika. Kwa bibi wa nyumba ya kona aliitwa Mwinyi, akipewa ukoko uliolowekwa kwenye mchuzi wa samaki. Kwa muuza duka, aliyempenda kwa tabia yake ya kulikalia daftari la madeni wadai wanapofika, aliitwa Karani, na kazi yake ilikuwa kulala juu ya magunia ya mchele ili panya wajue kuwa magunia yana mlinzi. Watoto wa chuoni walimwita Kigosho kwa namna alivyotupa miguu, na hawakumpa chochote ila usumbufu, jambo ambalo nalo ni sehemu ya malezi. Nyumbani kwangu, ambako alifika kila baada ya magharibi kutafuta vichwa vya changu, hakuwa na jina. Aliitwa kwa ulimi na midomo, akaja. Kila mmoja wetu alikuwa na robo ya paka. Robo nne ni paka mzima, lakini mwenye robo haoni haya kukiri robo yake, na huona haya kudai mzima. Yule aliyeuliza "wa nani" aliijua haya hiyo, akaitumia.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi. Tulitazame neno lenyewe. Kuinga ni kufukuza ndege shambani mpunga unapokomaa. Ni kazi ya kumfukuza asiyehusika na mavuno. Wahenga hawakusema paka wa kununuliwa, wala paka wa kufungiwa, wala paka mwenye shanga shingoni. Walisema wa nyumba, na nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele na ua nyuma, na mlango wake mchana hauna komeo. Paka wa nyumba ya namna hiyo ni yule aingiaye na kutoka. Asiyetoka, katika lugha yetu, ni mgonjwa au mfungwa.

Na matembezi yenyewe hayana mzaha. Anayedhani kuwa paka wa mjini huzurura tu, bila nia wala ratiba, na aamke alfajiri siku moja amfuate mmoja. Atamkuta kwanza diko la Malindi, vyombo vinapotia nanga na mnada unapoanza, ameketi mahali pale pale alipoketi jana, si karibu mno na mnadi wala si mbali mno na mpaa samaki, kwa kuwa umbali huo umepimwa kwa miaka. Hamwombi mtu kitu. Hungoja utumbo wa jodari utupwe, na unapotupwa hafanyi pupa ila akiwapo shume mgeni. Jua likipanda utamwona amerudi ndani ya vichochoro, akipita upande wa kivuli tu, kwani vichochoro vyetu vilijengwa vyembamba ili kivuli kisikosekane, na yeye ni miongoni mwa wachache wanaokitumia kivuli hicho kama kilivyokusudiwa. Adhuhuri yuko dukani. Alasiri yuko barazani, katikati ya wacheza bao, na ole wake atakayemsogeza ili apate nafasi ya kukaa. Usiku hupanda. Huo ndio mji wake wa pili: mapaa ya bati yaliyoshikana, kuta za mawe zenye nyufa, madirisha ya darini yaliyoachwa wazi kwa ajili ya upepo. Toka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho ya mtaa anaweza kwenda bila ya kugusa ardhi, na ugomvi wote unaousikia huko juu saa nane za usiku, unaodhani ni wa mashetani, ni mazungumzo ya mipaka. Papasi wanaowazungusha wageni hapa mjini hujidai kuujua Mji Mkongwe. Sijamwona mmoja wao anayejua nusu ya anayoyajua shume wa Kiponda.

Lakini tusizidishe chumvi. Paka haendi mbali. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliowavisha paka wa majumbani zaidi ya 900, katika nchi sita, vifaa vya kufuatilia nyendo zao, na ikaonekana kuwa walio wengi hutumia takriban muda wao wote ndani ya mita 100 za nyumba zao. Mita 100 kwa hesabu ya mji wetu ni msikiti mmoja, maduka matatu, mabaraza kumi na visima viwili vilivyozibwa. Yaani ni mtaa. Paka amejiwekea mpaka ule ule ambao sisi wenyewe tumeupa jina, na ndani ya mpaka huo kila mlango unamjua. Kiumbe anayejulikana na milango ishirini huitwaje hana mwenyewe?

Wapo watakaosema kuwa hii ni hisia ya wazee wasiotaka mji ubadilike. Basi tuwaache wazee, twende kwa waliotangulia zaidi. Katika mapokeo yaliyomo ndani ya Muwatta wa Imam Malik, na kwa Abu Dawud na Tirmidhi, Kabsha, mkwewe Abu Qatada, alimtilia mzee huyo maji ya kutawadha. Akaja paka akataka kunywa, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akakata kiu. Kabsha alipoonesha mshangao, alielezwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, bali ni katika wale wanaowazungukia watu majumbani mwao. Wanazuoni wamelisherehesha neno hilo la kuzunguka kwa karne nyingi, na walio wengi wameona kuwa ndilo linalobeba sababu ya hukumu: kwa kuwa paka huingia na kutoka, na haiwezekani kujihifadhi naye, sharia imewaondolea watu uzito. Tazama basi ajabu ya zama zetu. Sifa ile ile ya kuzunguka, ambayo katika fikihi ndiyo iliyomtoharisha, leo katika kanuni za nyumba za wageni ndiyo inayomtia unajisi.

Na ipo hadithi ya pili, mashuhuri zaidi, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Sote tuliisikia chuoni, na aghalabu tuliisikia nusu. Tuliambiwa hakumlisha. Kisa kamili kinasema kuwa alimfunga mpaka akafa: hakumpa chakula alipomzuia, wala hakumwachia atoke akajilie vijidudu vya ardhini. Njia zilikuwa mbili, naye aliziziba zote mbili. Kwa maana hiyo kutoka nje kumehesabiwa katika haki za paka sambamba na chakula, na anayemzuia mnyama huyu amejitwika mzigo wote wa riziki yake. Anayeweza na aubebe. Lakini yule aliyemfungia nje ya kila ua kwa nyavu, akafunika kila pipa, kisha akatia sumu katika tonge pekee iliyobaki, sijui anajihesabu wapi katika kisa hiki.

Sasa inafaa tuwasikilize wapinzani walio bora kuliko yule wa dagaa. Wapo wenzetu waliosoma, baadhi yao vijana wetu waliorudi kutoka ng'ambo, wanaosema kuwa paka asitoke kabisa kwa sababu ni muuaji. Hoja yao si ya kupuuzwa na mkaazi wa kisiwa, na inanisikitisha kuona inajibiwa kwa kicheko. Visiwa vimeumizwa na paka kuliko mahali pengine popote. Katika kisiwa cha Stephens huko New Zealand palikuwa na ndege mdogo asiyeruka ambaye elimu ilimtambua mwaka 1894, wakati mnara wa taa ulipokwisha kujengwa na paka wamekwisha kuletwa. Haikupita miaka mingi akatoweka. Watu hupenda kusimulia kuwa alimalizwa na paka mmoja wa mlinzi wa mnara. Ukweli ni kuwa paka walikuwa wengi, lakini msiba ni ule ule. Kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, kilipelekewa paka mwaka 1815 ili wale panya. Waliwaacha panya wakala ndege wa baharini, hadi ndege wakabaki kwenye majabali na kijisiwa cha kando tu. Paka wa mwituni walipoondolewa, na kisiwa kikatangazwa mwaka 2006 kuwa hakina hata mmoja, ndege walianza kurejea, na mwaka 2012 hata wale wa aina ya pekee isiyozaliana penginepo duniani wakaonekana wanataga tena katika kisiwa kikuu. Hayo ni mambo yaliyotokea, na mtu mkweli huyakubali.

Ndiyo maana huko kwenye nchi za wengine sheria zimekuja. Jimbo la mji mkuu wa Australia limeamuru kuwa paka wote waliozaliwa kuanzia Julai 1, 2022 wazuiwe ndani ya mipaka ya nyumba. Mwezi Mei wa mwaka huo huo mji wa Walldorf, Ujerumani, uliwaamuru wenye paka katika mtaa mmoja wawafungie mpaka mwisho wa Agosti, ili kumnusuru ndege wa jamii ya kipozamataza anayetaga juu ya ardhi. Sina ugomvi na Walldorf. Walijua ndege gani, mtaa gani, na miezi gani. Ugomvi wangu ni na anayeichukua amri ile kama mtu anayebeba koti la baridi kwenye begi, akaja kulivaa Darajani mwezi wa Februari.

Kwani ndege gani wanaotaga chini katika Mji Mkongwe? Mji huu ni mawe. Ndege wetu wadogo wa bustanini, chozi na chiriku, wana adui anayejulikana, naye ni kunguru. Kunguru huyu wa Bara Hindi hakuja kwa bahati mbaya. Aliletwa makusudi mwishoni mwa karne ya 19 na serikali ya wakati huo ili aule uchafu wa mji. Amekula uchafu, amekula mayai, amekula makinda, amevuka hadi bara, na mpaka leo hajamalizika kutudhuru. Somo la kunguru ni kwamba watu waliokataa kuzoa taka zao walimpa kazi hiyo mnyama, kisha wakamlaumu mnyama kwa kuwa wengi. Wenye mahoteli wanaojaza mapipa ya vichochoroni kwa mabaki ya kamba na pweza, na yakalala hapo usiku kucha bila kifuniko, kisha wakalalamika kuwa paka wamezidi, wanalirudia kosa lile lile kwa mnyama mwengine.

Panapostahiki kumzuia paka, azuiwe, na nalisema hili bila kigugumizi. Chumbe si pahala pake: kisiwa kile kidogo, kilichohifadhiwa tangu miaka ya 1990, kina kaa mkubwa wa nazi na paa nunga, na walioamua kuwaondoa hata panya walijua wanachokifanya. Vijisiwa vinavyotagiwa na ndege wa baharini navyo ni hivyo hivyo. Na yule aliyejenga nyumba za wageni ukingoni mwa msitu wa Jozani au ndani ya vichaka vya mawe vya mashariki, akaleta paka kwa ajili ya panya wa jikoni, basi huyo amhasi na amlaze ndani, kwa sababu hapo nje ya ua wake hakuna mtaa wa kumpokea. Pana viumbe ambao hawakuwahi kujifunza kumkwepa. Kumtofautisha paka wa Kiponda na paka wa Jozani hakuhitaji shahada. Kunahitaji mtu kupatazama alipo.

Kisiwa hiki, zaidi ya hayo, si kigeni katika kuwahukumu jamaa wa paka kwa suali la umiliki. Tulikuwa na chui wetu, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa yaliyosongamana, ambaye hapatikani penginepo. Watu wa mashamba waliamini kuwa chui wengine wana wenyewe, kwamba wachawi huwafuga na kuwatuma kuwadhuru majirani. Katika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, ilipita kampeni ya Kitanzia ya kuwasaka wachawi na chui wao kwa pamoja, na uwindaji ukaendelea baadaye. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa msituni ilitoa picha zilizodaiwa kuwa za chui huyo, na watu wakabishana. Lakini hakuna anayebisha kuwa tulimfikisha ukingoni. Chui aliuliwa kwa kudaiwa kuwa ana mwenyewe. Paka anauliwa kwa kudaiwa kuwa hana. Inaonekana suali la "ni wa nani" likishaulizwa na mwenye rungu, jibu halimfai mnyama kwa vyovyote.

Wengine watakuja na maradhi. Tuyapite haraka, kwa kuwa tiba yake yanajulikana hata na wanaoyataja. Kichaa cha mbwa ni balaa la kweli, na paka anaweza kukipata. Lakini Pemba imetuonesha katika miaka ya 2010 kuwa balaa hilo hurudishwa nyuma kwa sindano za chanjo, kampeni baada ya kampeni, hata lilipojaribu kurejea. Vimelea vya kinyesi vinavyohofiwa kwa wajawazito hutolewa na paka kwa wiki moja au mbili tu anapoambukizwa mara ya kwanza, na huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kumdhuru mtu; mwenye kusafisha kila siku, akanawa mikono na kuiva nyama yake vizuri, amejikinga. Hakuna hata moja kati ya maradhi hayo linalotibiwa kwa dagaa wa sumu.

Nimewasema wenye mahoteli. Sasa zamu ya sisi wa mabaraza, maana nasi tuna kauli yetu ya kujivua. Wao husema paka hana mwenyewe. Sisi husema paka ni wa Mungu. Mbele ya watu zinasikika kama kauli mbili zinazopingana, na kwa vitendo ni moja. Ni wa Mungu, kwa hiyo sitampeleka kwa daktari wa mifugo jicho lake linapooza. Ni wa Mungu, kwa hiyo vitoto vyake vitano nitavitia kwenye boksi, nitavipeleka usiku kuvitupa karibu na soko la Darajani, ambako nako, kwa mujibu wa dhana yangu, ni kwa Mungu. Nani mjini humu hajaliona boksi hilo? Anayetoa vichwa vya samaki kila magharibi na kujihesabia thawabu, asiulize kamwe wale majike wanaokula mlangoni kwake wanazaa mara ngapi, ametoa robo ya malezi na kujisifia nzima.

Na hesabu yenyewe ni nyepesi. Jike huweza kushika mimba angali na miezi mitano au sita. Hubeba siku zipatazo 65. Katika nchi zenye baridi kali huwa na msimu. Hapa kwetu, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hana msimu wa kupumzika, na mizao miwili au mitatu kwa mwaka si jambo la kushangaza. Wengi wa watoto hao hawafiki miezi sita. Hufa kwa mafua ya paka, kwa minyoo, chini ya magurudumu ya pikipiki ambazo sasa zinapita hata pale ambapo zamani pikipiki ilikuwa haifikiriki, au midomoni mwa kunguru. Uhuru wa kutoka, bila ya kuhasiwa wala kuchanjwa, umekuwa uhuru wa kufa mapema. Hilo ndilo linalowapa nguvu wale wanaotaka milango ifungwe, na maadamu tunaliacha lilivyo, hatutakuwa na la kuwajibu ila mapenzi ya mdomoni.

Kwa ajili hiyo nasema kuhasi ndiyo haki ya kwanza anayodai paka wa mtaa, ikitangulia hata chakula, kwani chakula hujitafutia. Nafahamu kuwa wapo wanaolichukia jambo hili kwa hoja ya kugeuza maumbile. Wanazuoni wamekhitilafiana, na wapo walioruhusu penye manufaa na pasipo na mateso kwa mnyama. Mimi si mwanazuoni na sitajitia kutoa fatwa. Ninachoweza kusema ni kwamba sijamsikia hata mmoja wao aliyeruhusu boksi la Darajani. Paka aliyehasiwa hupunguza kelele za mapaani, hupunguza mapigano, na, kinyume na wanavyodhani wauza maduka, haachi kukaa juu ya magunia ya mchele. Anayetaka dalili na aende mtaa wowote ambako madaktari wamepita: utawakuta paka walionyofolewa ncha ya sikio moja kuwa alama, ili mtu asimkamate yule yule mara mbili. Ni watulivu, wana miili, nao bado hutoka alfajiri kwenda dikoni.

Istanbul, mji wa bahari kama wetu na mkubwa kwa mara nyingi kuliko wetu, huishi na paka wa mitaani kwa mtindo huo wa robo robo. Filamu ya Ceyda Torun ya mwaka 2016 iitwayo Kedi iliuonesha ulimwengu jinsi duka, mkahawa na nyumba vinavyogawana mnyama mmoja. Naitaja kwa sababu moja tu, kwamba watu wetu huamini jambo la kwao likishapitia kwa wengine. Wala paka mwenyewe si mzaliwa wa mahali pamoja. Mwaka 2004 wachimbuaji walitangaza kuwa wamekuta Cyprus kaburi la miaka ipatayo 9,500, mtu na paka wamelazwa karibu karibu, katika kisiwa ambacho hakikuwa na paka wa asili; lazima alivushwa kwa chombo. Na kwetu, Unguja Ukuu, imechimbuliwa mifupa ya panya mweusi wa Asia aliyekuja na biashara ya bahari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Panya alikuja na shehena, na shehena haijaacha kuja. Nani aliye tayari kumwondoa yule aliyekuja nyuma yake?

Basi suali lile la upole na lijibiwe sasa, kwa kuwa siku ile halikujibiwa. Paka wale walikuwa wa bibi wa kona, wa muuza duka, wa watoto wa chuo, wa msikiti uliowaachia maji ya mfereji, na wangu. Mtaa wenye sheha, wenye wazee na wenye daftari la kila mkaazi hauwezi kushindwa kuwa na karatasi moja yenye orodha ya paka wake: wa kijivu, wa madoa, jike la msikitini, nani kahasiwa, nani kachanjwa, nani bado. Orodha hiyo ikiwepo, atakayemwaga sumu atakuwa ameua mali ya watu wenye majina, na hapo ataulizwa yeye. Gharama zigawanywe kwa robo kama tulivyozoea, na robo ya kwanza itoke kwa kila nyumba ya biashara yenye picha ya paka ukutani, katika kadi zake au katika matangazo yake, kwani nyumba hizo zimekula mapato ya paka miaka yote bila kumtolea hata kichwa cha dagaa kilicho salama.

Madaktari wa mifugo wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamka kabla ya mnada, akamshika shume kwa shingo bila ya kuraruliwa, na chombo cha kumbebea. Tenga ninalo, la kuku, nililolikaza mfuniko kwa kamba. Anayelitaka aje achukue siku yoyote isipokuwa Jumamosi, siku ambayo limekwisha kuombwa na watu wa msikitini kwa ajili ya yule jike wa madoa, ambaye tumbo lake limeanza kuonekana tena.